Gasketi ya kuzuia joto kwenye manifoldi ya inteki: kwa hapa Mbeya ina faida au tunapigwa?

Mtoto wa Mafiati (mwanzisha uzi)

Habari za mihangaiko wakuu.

Siku hizi kwenye makundi ya magari kuna kitu kinapigiwa debe sana: gasketi nene, nyeupe au ya kahawia, inayokaa kati ya hedi (kichwa cha injini) na manifoldi ya inteki (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda). Muuzaji atakwambia inazuia joto la injini lisihamie kwenye manifoldi, hewa inaingia ya baridi, gari linaamka na mafuta yanapungua. Kwa kuwa Corolla 110 yangu inayo, watu wamekuwa wakinifuata inbox kuuliza kama wanunue. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndiyo maana ya uzi huu.

Jibu nalitanguliza kabisa: inafanya kazi iliyoahidiwa, ila kwenye magari ya aina fulani na kwenye mwendo wa aina fulani. Magari mengi yanayozunguka hapa mjini hayamo.

Tuanze na joto lenyewe. Injini ikishapata moto, hedi inakaa jirani na nyuzi 90 kwa sababu kulanti (maji ya kupoza injini) inayoizunguka iko hapo. Manifoldi ya aluminiamu imebanwa kwenye hedi hiyo kwa boliti, na katikati kuna gasketi nyembamba ya karatasi ngumu au bati. Aluminiamu inapitisha joto vizuri sana, hivyo ukikaa foleni ya Kabwe jioni manifoldi nzima inafika mahali huwezi kuweka kiganja. Hewa inayopita humo inapashwa, inatanuka, na kila silinda inavuta oksijeni pungufu. Kwa hali ya hewa yetu, kila nyuzi 3 zinazoongezeka zinaondoa karibu asilimia 1 ya hewa kwenye ujazo uleule. Nyuzi 10 ni asilimia 3 na ushee.

Tefloni na bakelaiti hupitisha joto kwa kiwango kidogo mara mia kadhaa kuliko aluminiamu. Vishikio vyeusi vya sufuria hutengenezwa kwa bakelaiti kwa sababu hiyohiyo. Ukiweka bapa la milimita 3 katikati, joto linabakiwa na njia mbili tu: boliti zenyewe na hewa ya moto iliyojaa chini ya boneti. Kwa hiyo msitegemee manifoldi iwe baridi kama maji ya Kiwira. Itakuwa vuguvugu badala ya kuunguza, basi.

Shida inaanza kwenye hesabu ya hewa. Injini ya cc 1600 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, umekanyaga mafuta mpaka chini, inavuta karibu lita 80 za hewa kila sekunde. Hewa hiyo inapita manifoldi kwa kufumba na kufumbua. Hata manifoldi ikiwa ya moto, haina muda wa kupashwa sana. Gari likiwa kwenye sailensa (linanguruma bila kukanyaga mafuta) linavuta kama lita 3 tu kwa sekunde, na hapo ndipo hewa inapashwa ikaiva. Yaani gasketi inasaidia zaidi pale ambapo hutaki nguvu, na inasaidia kidogo pale unapoitaka. Faida yake unayoweza kuihisi iko katikati: umetoka foleni, chuma kimeshapata moto, unataka kuondoka haraka. Zile sekunde za mwanzo ambazo gari huwa zito, na likiwa na petroli mbaya injini inagonga, ndizo zinazopungua.

Halafu kuna mwinuko, ambao wauzaji hawautaji kabisa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Injini isiyo na tabo iliyokuwa na farasi 100 Tanga, hapa ina 82 hivi. Hakuna gasketi ya kuwarudisha hao 18.

Nawasilisha. Mafundi mje.

Fundi Kimya

Salama mkuu. Umeeleza vizuri, ila umeruka la muhimu: mtu aangalie kwanza manifoldi yake imetengenezwa kwa nini.

IST, Probox, Spacio za NZE, Premio na Allion za 1500, wote wenye injini ya 1NZ: manifoldi yenu ni ya plastiki tangu kiwandani. Iko mbele ya injini, ukifungua boneti unaiona nyeusi inakutazama. Ile plastiki yenyewe ni kizuizi cha joto, Toyota walishalimaliza hilo zamani. Mtu akikuuzia gasketi nene ya 1NZ anakuuzia mwavuli ukiwa ndani ya nyumba. Na kuna ubaya juu ya hasara: gasketi ya gari hilo ni ya mpira, inakaa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye plastiki. Ukilaza bapa la tefloni juu ya mfereji ule unatengeneza upenyo wa hewa kwa hela yako mwenyewe.

Wazee wenye injini za 5K za kabureta nao wakae mbali. Injini ile inteki na ekzosi (njia ya moshi) ziko upande mmoja, zimeshikamana makusudi ili ekzosi ipashe sakafu ya manifoldi chini ya kabureta. Petroli ya kabureta inaingia kwa matone. Ikikuta ukuta wa baridi inalala ukutani, silinda zinapata mgawo usio sawa, na asubuhi ya mwezi wa saba Uyole gari linagoma. Bakelaiti ipo kwenye gari hilo, lakini iko kati ya manifoldi na kabureta, na kazi yake ni kuzuia petroli isichemke ndani ya bakuli la kabureta. Ikipasuka, rudisha ya unene uleule.

Wanaobaki ni wenye manifoldi ya aluminiamu na nozeli za kupulizia petroli, yaani injini za 4A, 5A, 7A, 3S za Noah za zamani na RAV4, na Honda za zamani. Kitu hiki kilipata jina hasa kwa mashabiki wa Honda. Kampuni ya Marekani, Hondata, inatengeneza za injini za B na K. Wale ni watu wa kushindana, kwao farasi wawili wana maana.

Viazi Isongole

Kwa hiyo jamaa wa Instagram alikuwa ananiuzia kishikio cha sufuria kwa bei ya tairi. Endeleeni, nimevuta kigoda.

Dada Soweto

Shikamooni mafundi. Mimi nina IST. Kipindi cha baridi nikiwasha asubuhi linatetemeka, sailensa inapanda na kushuka, taa ya injini imewaka. Likishapata moto linatulia kama si lenyewe. Fundi kanishauri niweke hiyo gasketi ya kuzuia joto kwa kuwa "gasketi ya manifoldi imechoka". Itanisaidia?

Fundi Kimya

Marahaba dada. Kasema kweli kwamba imechoka, kakosea dawa.

Apime kompyuta kwanza. Kodi ya hitilafu ikiwa P0171 maana yake hewa ni nyingi kuliko mafuta. Ile gasketi ya mpira niliyoisema ikizeeka inakauka na kubonyea. Usiku wa baridi plastiki na mpira vinasinyaa, upenyo unafunguka, hewa ambayo sensa haijaipima inaingilia kando. Injini ikipata moto vitu vinatanuka, upenyo unajiziba, nawe unadhani gari limepona. Hapa kwetu na Njombe ugonjwa huu unaonekana zaidi kuliko Dar kwa sababu ya asubuhi zetu.

Kuujua ni rahisi, ila gari lazima liwe baridi kabisa, limelala. Aje kwako asubuhi. Aliwashe, apulizie kisafisha kabureta kidogokidogo pale manifoldi inapokutana na hedi. Sailensa ikibadilika, mwizi kapatikana. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na asipulizie upande wa ekzosi. Ukimpelekea gari mchana likiwa la moto hataona kitu, ataishia kukuuzia sensa ya oksijeni.

Dawa ni gasketi ya mpira ileile ya kiwandani. Si ghali, na kwenye IST kazi yenyewe haimalizi nusu siku.

Ulanzi Baridi

Kamwene wote. Niko Ipogolo, Iringa. Naomba kupinga kidogo.

Nina 110 yenye 5A, niliweka ya tefloni, na Kitonga naipanda tofauti. Mnajua pale: malori mbele, gia ya pili, mwendo wa mtu na mkewe wakitoka sokoni. Zamani ukipata nafasi ya kuovateki gari linakohoa kwanza ndiyo liondoke. Sasa hivi linaitika palepale. Mafuta sijaona tofauti, lakini nguvu naiona. Mbona mnasema kidogo?

Mtoto wa Mafiati

Kamwene mnyalukolo. Hujapinga, umeunga mkono. Kitonga nyuma ya lori ndiyo hali niliyoisema: mwendo mdogo, hewa ya boneti imechemka, halafu ghafla unataka nguvu.

Ila nikuulize. Siku manifoldi ilipotoka, throto bodi (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) haikuoshwa? Plagi je? Na gasketi ya zamani ilitoka ikiwa nzima?

Ulanzi Baridi

Throto bodi iliogeshwa, plagi mpya, na ya zamani ilitoka vipandevipande. Mgawanyo wa sifa ufanyeni nyie.

Fundi Kimya

Hapo ndipo biashara hii inapojengwa. Manifoldi haitoki bila vitu vingine kuguswa. Gari likirudi barabarani limetulia, sifa zote zinabebwa na kile kitu cheupe kilichonunuliwa mtandaoni.

Msomi Iyunga

Wakuu niongeze upande wa vipimo, maana naona watu wanatuma picha za simu zikionyesha joto la hewa kabla na baada.

Namba ile inatoka kwenye sensa ya joto la hewa. Kwenye 1NZ sensa hiyo iko ndani ya sensa ya wingi wa hewa, karibu na boksi la filta, kabla ya throto. Toyota nyingi za zamani nazo zimeiweka upande wa filta. Inapima hewa ambayo bado haijaiona manifoldi. Uweke gasketi ya dhahabu, namba ile haitajua. Anayekuonyesha imeshuka nyuzi 15 kapima asubuhi akalinganisha na mchana.

Ukitaka kujua kweli, tumia kipimajoto cha miale, ile bastola ya kunyooshea. Lakini aluminiamu inayong'aa inaidanganya, inasoma chini kuliko joto halisi. Bandika kipande cha seloteipu nyeusi ya umeme kwenye manifoldi, upime juu yake, sehemu ileile kila mara. Gari liende mpaka lipate moto, lisimame kwenye sailensa kama robo saa, ndipo usome. Kisha zima, soma tena baadaye: mtaona joto linazidi kupanda injini ikiwa imezimwa, kwa sababu hewa ya kupoza imesimama na joto lote la hedi linatafuta pa kwenda. Gasketi hii inaonyesha tofauti kubwa hapo kuliko popote.

Parachichi Njombe

Nimesoma kote. Muuzaji wangu ameniambia gasketi peke yake haitoshi, nikate na bomba za kulanti zinazopita kwenye throto bodi niziunganishe zenyewe kwa zenyewe, maana zinapasha upande wa pili. Hoja yake naiona ina mantiki. Gari ni 7A, na safari zangu ni Njombe na Makete.

Mtoto wa Mafiati

Mantiki ipo. Umezuia joto mlango wa nyuma, mlango wa mbele umeuacha wazi. Kwa mtu wa Dar ningenyamaza. Kwa mtu wa Makete nasema usithubutu.

Hewa ikipita kwenye ule mwanya mdogo wa kipepeo cha throto inashuka presha na kupoa ghafla. Asubuhi ya ukungu, nje nyuzi chache juu ya sifuri, unyevu wa hewa unaganda pale kwenye kipepeo. Barafu ikikaa pale, sailensa inakufa au kipepeo kinanata, na barabara ya Makete yenye kona zile sikutakii kipepeo kilichonata kikiwa wazi. Maji ya moto yaliwekwa pale kwa ajili ya hali ya hewa kama ya kwenu.

Fundi Kimya

Na kuna la pili. Baadhi ya injini za zamani, Honda hasa na Toyota kadhaa, zina vali ya nta inayopandisha sailensa injini ikiwa baridi. Kulanti ya moto ndiyo inayoitanua ile nta na kuifunga vali. Ukiikatia maji, vali inabaki wazi, sailensa inabaki juu siku nzima, unaunguza mafuta ukiwa umesimama. Nimeletewa magari ya hivyo, mwenye gari analalamikia nozeli.

Mchele Kyela

Huku kwetu chini ya mita 600 hatujui barafu nyinyi watu wa juu. Sisi joto ndilo adui, na mlima wa kwenda Tukuyu unaanzia mlangoni.

Swali: hiyo gasketi si mtu anaweza kuchonga? Kuna dogo hapa anakata zile mbao nyeupe za plastiki za kukatia nyama. Anachora kwa gasketi ya zamani, anakata, anafunga. Inapendeza kuliko ya dukani.

Mtoto wa Mafiati

Mwambie dogo aache. Zile mbao ni polithini. Inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na kabla ya hapo, ikiwa imebanwa na boliti kwenye nyuzi 90, inalainika na kujiminya pembeni. Boliti zinalegea, hewa inaingia, siku mbaya kipande kinavutwa mpaka kwenye vali. Mpira wa tyubu ya tairi ni mbaya zaidi, petroli inauvimbisha.

Kuchonga inawezekana, yangu mwenyewe imechongwa. Mnaotaka, someni taratibu.

Kuna vitu viwili vinavyofaa. Bapa la tefloni linavumilia mpaka nyuzi 260, petroli hailigusi, na ni laini kiasi cha kuziba lenyewe. Kasoro yake ni kwamba chini ya mgandamizo linajiminya polepole, kwa hiyo boliti lazima zirudiwe. Bakelaiti haijiminyi hivyo, lakini ni ngumu, haijai kwenye mikwaruzo ya chuma, inahitaji gasketi nyembamba ya kawaida kila upande. Mafundi umeme wanaijua, waulizeni. Ukiikata vaa barakoa, vumbi lake si la kuvuta, na matundu yatobolewe kwa drili. Ukigonga kwa patasi inapasuka.

Unene usizidi milimita 3 hadi 5. Kila milimita unayoongeza inaisogeza manifoldi, na manifoldi ina ndugu: kebo ya mafuta, bomba la breki, mabomba ya kulanti, na ule mkono wa chuma unaoishika kwa chini. Kwenye 4A na 5A manifoldi iko nyuma, upande wa ukuta wa kabini, na boliti ya mkono ule inafikiwa ukiwa umelala chini ya gari. Wengi wanaikuta haiendi tena tundu lake, wanaiacha. Manifoldi inaanza kucheza na kuichosha gasketi mpya. Tanua tundu la mkono kwa faili, usiiache.

Studi nazo, zile boliti zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye hedi. Nati ikikaa, ni lazima ishike uzi wake wote na studi ichungulie kwa nje. Ikikosa, tafuta studi ndefu, usifunge kwa nusu nati.

Kazi yenyewe ifanyike injini ikiwa baridi. Chomoa fyuzi au relei ya pampu ya mafuta, washa mpaka izime yenyewe, hapo presha ya petroli imeisha, ndipo utoe waya hasi wa betri. Mwaga kulanti kidogo. Piga picha ya kila bomba kabla hujaligusa. Bomba dogo la vakyumu likirudi pasipo pake utahangaika wiki. Nati na boliti nyingi pale ni spana 12.

Ukishatoa manifoldi, ziba matundu ya hedi kwa vitambaa na uvihesabu. Kwangua mabaki ya gasketi kwa mkono, kwa kitu kisicho na makali ya kuchimba aluminiamu. Fundi akija na grainda yenye brashi mfukuze: chenga zile zinashuka kwenye silinda na kwenye oili, na beringi hazijui kusamehe. Laza rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi, tazama mwanga chini yake. Ikiwa imepinda peleka ikasawazishwe.

Matundu ya gasketi yawe sawa na ya hedi au makubwa kidogo. Ukingo ukichungulia ndani ya njia ya hewa, umeongeza kizuizi kilekile ulichotaka kuondoa. Hapa watu wanapoteza zaidi ya walichopata.

Silikoni msiweke. Ya kawaida inalainika kwa petroli, ikichuruzika inaingia ndani, na moshi wake unaua sensa ya oksijeni.

Funga ukianzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Boliti za milimita 8 kwenye injini hizi ziko karibu na Nm 20. Kitabu cha injini yako ndicho cha mwisho. Anayekaza "mpaka mkono uridhike" ndiye anayevunja studi ndani ya hedi.

Kijana wa Sae

Harrier V6 ya 1MZ inafaa? Manifoldi ni aluminiamu, nimegonga kwa msumari kuhakikisha.

Fundi Kimya

Hapo angalia sana. Injini ya V manifoldi ya chini inakaa katikati ya hedi mbili, nyuso zimelala mshazari. Ukiweka kitu kinene kila upande, manifoldi inainuka na matundu ya boliti yanakataa kukutana. Watu wanalazimisha kwa nyundo, nimeona. Ukitaka kabisa, weka kwenye maungio ya juu, pale chumba cha hewa kinapokaa juu ya ile ya chini, uso ni bapa. Ila chungulia nafasi ya boneti kwanza.

Na kwa uzito wa Harrier, hutaijua tofauti. Osha throto, badili filta, plagi za nyuma ambazo hakuna anayezigusa kwa uvivu zitazame.

Dada Soweto

Fundi Kimya ahsante, ndaga fijo. Alikuja asubuhi akapulizia, sailensa ikaruka palepale. Kaweka ya mpira mpya na gari halitetemeki tena. Lakini taa bado inawaka, nihofu?

Fundi Kimya

Hapana dada. Kodi ya zamani bado imo kwenye kumbukumbu, aifute kwa kifaa. Kompyuta nayo ilishazoea kuongeza mafuta, iache iendeshwe kidogo ijirekebishe. Taa ikirudi yenyewe baada ya hapo, atazame bomba la mpira kutoka boksi la filta kwenda throto, mikunjo yake hupasuka kwa chini usipoona.

Ulanzi Baridi

Mimi na tefloni yangu nina swali la mwisho. Fundi wangu alifunga mara moja, hakurudia. Nikaze sasa hivi nikirudi kazini, likiwa la moto?

Mtoto wa Mafiati

Likiwa baridi, mkuu. Asubuhi kabla hujawasha. Aluminiamu ikiwa ya moto imetanuka, toki renchi itakusomea uongo. Fuata mpangilio uleule wa katikati kwenda nje, kwa kipimo kilekile, usiongeze. Zikizunguka kidogo tu ni kawaida ya tefloni. Rudia tena gari likishapata moto na kupoa mara kadhaa, mpaka uone hazisogei. Zikiendelea kusogea kila ukirudi, hiyo si tefloni, ni ule ubao wa nyama wa Kyela.